Kazi Imekwama Kati ya Idara Mbili: Namna ya Kutafuta Ilipokwama

Mwongozo huu ni wa waratibu, wakuu wa vitengo, maafisa tawala na maafisa wa kawaida kwenye taasisi kubwa: wizara, wakala, mamlaka, vyuo vikuu, hospitali za rufaa, ofisi za mkoa na halmashauri. Nimeuandika nikiifikiria Dodoma. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ila agizo la Julai 2016 la kuhamishia Serikali yote huku ndilo lililobadilisha maisha ya watumishi wengi. Ofisi zilizozoeana Dar es Salaam zilivunjwa na kupangwa upya, na mazoea ya kazi yaliyokuwa vichwani mwa watu wachache hayakuhama yote pamoja na makabati.

Ushirikiano ukidorora, la kwanza kusemwa ni kwamba watu hawapendani, au kwamba wale wa idara fulani ni wagumu. Basi inaandaliwa semina ya kujenga umoja, fulana zinachapwa, watu wanavuta kamba uwanjani, na Jumatatu kazi iko palepale. Kwa nilivyoona mimi, mara nyingi watu hawana ugomvi wowote. Wanasalimiana vizuri kwenye korido na wanachangiana harusi na misiba. Kinachokosekana ni mtu mmoja, mwenye jina, anayejua kwamba kile kipande cha katikati, pale kazi inapotoka idara moja kuingia nyingine, ni chake.

Shika kazi moja, waache watu kwanza

Chagua jambo moja lililochelewa, lenye mwanzo unaojulikana: ombi la gari, ripoti ya robo mwaka, barua ya halmashauri kuomba mtaalamu, mkataba unaosubiri maoni ya kitengo cha sheria. Omba jalada lake masijala, au fungua kumbukumbu zake kwenye mfumo wa Ofisi Mtandao. Chora jedwali la safu nne: meza ilipopita, tarehe ilipoingia, tarehe ilipotoka, na kilichoandikwa hapo. Usiweke maoni kuhusu mtu yeyote.

Ukimaliza, jumlisha siku ambazo kuna mtu alikuwa akiifanyia kazi kweli, kisha jumlisha siku ambazo ilikuwa imelala. Kwa kawaida utakuta kazi yenyewe ni ya siku chache na usingizi ni wa wiki kadhaa. Utakuta pia kwamba usingizi huo haukusambaa kila mahali. Umekaa sehemu moja au mbili. Hizo ndizo za kushughulikia, na kwingineko kote pumzika.

Soma madokezo yenyewe, neno kwa neno. Chukua mfano wa jalada la karatasi: folio (ukurasa wenye namba) ya mwisho ni barua ya maombi. Kwenye karatasi ya madokezo mkurugenzi ameandika, "Mkurugenzi Msaidizi, tafadhali shughulikia." Mkurugenzi msaidizi naye akamwandikia afisa wake neno moja: "Tuzungumze." Afisa akaenda siku ileile, bosi yuko kikaoni. Akaenda tena, bosi yuko safarini. Jalada likarudi kabatini, na kila anayelifungua anakuta mazungumzo hayajafanyika. Hapo hakuna aliyekataa kufanya kazi. Neno "Tuzungumze" lisilo na siku ni agizo la kusubiri, ndiyo maana nawaomba wakuu wa idara waandike hivi: "Tuzungumze kesho saa 3 asubuhi. Nikiwa sipo, endelea na pendekezo lako." Sentensi hiyo ya pili huokoa wiki nzima.

Ukishapata jedwali lako, tafuta dalili inayofanana na yako hapa chini. Zinaingiliana, kwa hiyo unaweza kujikuta kwenye mbili au tatu.

Dalili: "Sisi tulishapeleka"

Idara moja inasema ilishatuma. Ya pili inasema haijapokea, au imepokea nusu. Wote wanasema kweli. Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na mahali inapoonekana wazi ni kwenye ununuzi.

Idara inataka kompyuta mpakato. Utaratibu unajulikana: hitaji liwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, fedha ziwepo, na idara tumizi itoe vipimo vya kiufundi, au hadidu za rejea kama anatafutwa mtaalamu mshauri. Baada ya hapo kitengo cha ununuzi (PMU) kinaandaa nyaraka na kuendesha mchakato kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Sasa idara inaandika dokezo sabili, yaani dokezo la ndani ya ofisi: "Tunaomba kununuliwa kompyuta mpakato kumi." Watu wa PMU wanajibu chini yake: "Leteni vipimo." Idara inashangaa, kwa sababu inaamini vipimo wanavyo PMU, wao ndio wanaonunua kila siku. PMU hawana, anayevijua ni kitengo cha TEHAMA, watu wa kompyuta na mifumo. TEHAMA hawajaandikiwa chochote. Mkuu wa taasisi anapouliza kwenye menejimenti, idara inasema PMU wanachelewesha, PMU wanasema idara haijakamilisha, na mkuu wa TEHAMA anaisikia habari hiyo hapohapo kwa mara ya kwanza.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni kwamba pande mbili hazijakubaliana kazi iliyokamilika inafananaje. Kipimo chake ni rahisi. Mfuate mtu mmoja kila upande, kwa nyakati tofauti, mwombe aandike vitu vyote vinavyotakiwa ili ombi lipokelewe. Orodha zikitofautiana, umefika. Dawa yake ni ukurasa mmoja uliosainiwa na wakuu wote wawili: ombi likija na vitu hivi linapokelewa, likikosa kimojawapo linarudishwa siku hiyohiyo, na mapungufu yote yanatajwa kwa mpigo. Hili la kwa mpigo nalisisitiza kwa nguvu zote. Ombi linaporudishwa leo kwa kukosa kiambatisho, wiki ijayo kwa kukosa kasma (namba ya fungu la bajeti), na wiki ya tatu kwa kukosa sahihi, mleta ombi anaanza kuamini anakomolewa. Akishaamini hivyo, hata siku utakayomrudishia kwa haki hatakuelewa, na kuanzia hapo mna tatizo la watu juu ya tatizo la utaratibu.

Chanzo cha pili: kazi imeandikiwa ofisi, haikuandikiwa mtu. Piga simu uulize, "Hili analo nani?" Ukijibiwa "lipo kwenye idara" au "lipo kwa wataalamu", jua kwamba hakuna aliyenalo. Barua iende kwa mkuu wa idara kama taratibu zinavyotaka, ila mkuu huyo akishaigawa, jina la afisa lirudi kwa aliyeileta ndani ya siku moja, kwa ujumbe mfupi tu.

Chanzo cha tatu ni mwenye nalo kutokuwepo na kutokuwa na anayekaimu. Mfumo wa mtandao umeondoa kero nyingi, jalada halipotei tena wala halihitaji mhudumu wa kulibeba kutoka jengo hadi jengo, lakini hili umelificha. Zamani jalada lililolala mezani kila mpita njia aliliona. Siku hizi limo ndani ya akaunti ya mtu aliyeko likizo Bukoba, na nje hakuna dalili yoyote. Kabla mtumishi hajaondoka, aandike mambo aliyonayo yaliyo wazi, amkabidhi kaimu, na idara jirani zenye kazi kwake zipewe nakala. Mkuu wa idara asisaini fomu ya likizo bila orodha hiyo kuwepo.

Dalili: yatokanayo ni yaleyale kila kikao

Fungua mihtasari mitatu iliyopita ya kikao kimoja. Ukiona azimio lilelile limeandikwa "utekelezaji unaendelea" mara tatu, kikao hicho kimegeuka kuwa mahali pa kuhifadhia matatizo.

Angalia kwanza maazimio yenyewe. "Idara zote zishirikiane kukamilisha zoezi hili." "Wajumbe wafuatilie." Azimio la namna hiyo halina mwenyewe. Mwaka 1913 mhandisi wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha vipimo vya watu wakivuta kamba na kuonyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua. Azimio la "wote" linakuwa hivyohivyo: kila mmoja anaamini mwenzake amelivuta. Andika jina, andika tarehe, na andika kitu kitakachoonekana siku hiyo: rasimu, barua iliyotoka, takwimu zilizoingizwa. Kama hakuna aliye tayari jina lake liandikwe, usiliite azimio. Ni matumaini, na mwenyekiti aambiwe hivyo kabla kikao hakijafungwa.

Kisha angalia nani anahudhuria. Kwenye taasisi kubwa hapa kwetu mwaliko unakwenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi anamtuma mkurugenzi msaidizi, huyo anamtuma afisa mkuu, na siku ya kikao anaingia kijana aliyepewa barua asubuhi ileile. Anaandika vizuri sana. Akiulizwa msimamo wa idara yake, anasema, "Nimekuja kumwakilisha mkurugenzi, nitamfikishia." Wenzake wa idara nyingine wanajibu hivyohivyo, na watu kumi na tano wanakaa saa nne bila hata mmoja kuweza kukubali kitu. Usimlaumu huyo kijana, hakupewa mamlaka. Kwenye barua ya mwaliko omba jambo moja la ziada: anayetumwa aje na maandishi ya mkuu wake yanayosema anaweza kukubali nini na nini lazima arudi kuuliza. Mistari miwili inatosha.

Na wingi wa watu nao una gharama. Watu watano wana njia 10 za kuwasiliana wawiliwawili. Wakiwa kumi njia zinakuwa 45, wakiwa ishirini zinafika 190. Kikosi kazi cha watu ishirini hakitaelewana kwa kukaa pamoja tu. Wafanye kazi watano, wengine wapelekewe rasimu watoe maoni kwa maandishi.

Muhtasari kamili unaweza kuchukua muda wake. Ukurasa wa maazimio peke yake utoke siku hiyohiyo, kabla watu hawajasahau walichokubali.

Dalili: kundi la WhatsApp linachemka, kazi haisogei

Hapa nitakuwa mfupi. Kundi ni zuri kwa "tuko njiani", "ukumbi umebadilika", "rasimu imetumwa kwenye barua pepe". Halifai kugawia kazi. Agizo likishafunikwa na salamu za asubuhi na tangazo la msiba, aliyelikosa halioni tena, na yule aliyeweka kidole gumba hujui alikuwa anakubali kufanya au anakubali kwamba amesoma. Kila agizo la kwenye kundi lifuatiwe na dokezo au barua pepe siku hiyo. Orodha za watu zenye majina, namba za simu au hali zao za kiafya zisiwekwe kule kabisa; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taasisi za umma na za binafsi pia.

Dalili: "Hilo halimo kwenye majukumu yangu"

Watu wakisikia maneno haya huyachukulia kama jeuri. Mara nyingi ni taarifa sahihi, na ni muhimu uisikilize.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 watumishi wa umma wanapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi, uliochukua nafasi ya OPRAS. Kila mmoja ana majukumu yake yaliyoandikwa na anajaza alichofanya. Sasa fikiria kazi ya pamoja kati ya idara ya sera na mipango na kitengo cha mawasiliano. Kwa mchumi wa mipango imo kwenye majukumu yake. Kwa afisa habari haimo. Kila anapomsaidia mchumi, anafanya hisani kwa muda ambao ungehesabiwa kwake. Atasaidia mara ya kwanza kwa uungwana, mara ya pili kwa kusukumwa, na baadaye atakuwa na kazi nyingi. Kipimo: omba majukumu ya pande zote mbili, tafuta kama kazi hiyo imeandikwa kwa wote. Dawa: iandikwe kwa wote, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, na wakuu wao wakubaliane kuipima kwa kigezo kimoja.

Nchi hii ina mfano mzuri wa kigezo cha pamoja, nao ni lishe. Udumavu wa watoto hauwezi kumalizwa na idara ya afya peke yake. Unagusa kilimo, mifugo, maji, elimu, maendeleo ya jamii na fedha, na kwa muda mrefu kila sekta iliona ni mzigo wa jirani. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walianza kusaini mkataba wa lishe, wakishuka nao hadi kwa wakuu wa wilaya na watendaji, na utekelezaji ukawa unapimwa kwa kadi alama, ambayo huonyesha kwa rangi nani amefikia lengo. Moja ya vipimo lilikuwa jambo ambalo kila mtu anaweza kulihesabu: halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na itoe fedha hizo kweli. Mkurugenzi mtendaji ambaye zamani angesema lishe ni ya mganga mkuu wa wilaya sasa anaona rangi ya halmashauri yake mwenyewe mbele ya wenzake. Udumavu kitaifa ulikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015/16 na asilimia 30 kwenye ule wa 2022. Yamechangia mengi, lakini pale kwenye halmashauri mazungumzo yalibadilika mara namba ilipokuwa ya wote.

Namba ya pamoja ikikosekana, tafuta tarehe ya pamoja isiyosogezeka. Usiku wa Sensa ulikuwa wa kuamkia 23 Agosti 2022, na usingesubiri mtu. Kwa sababu hiyo operesheni ya anwani za makazi, iliyozihitaji wizara ya mawasiliano, ardhi, OR-TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na kila mtendaji wa mtaa na kijiji, ilikwenda kwa miezi michache ya mwaka uleule. Kazi iliyoachwa na tarehe laini kila idara huiwekea tarehe yake.

Dalili: mtumishi mmoja anajibu ofisi tatu

Hii ni ya ngazi ya mkoa na halmashauri. Afisa kilimo wa Kongwa, Bahi au Mpwapwa ameajiriwa na halmashauri na anaripoti kwa DED, mkurugenzi mtendaji wa halmashauri. Kiutawala halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, na sera na miongozo ya kitaalamu inatoka wizara ya kisekta. Mpangilio huu una sababu zake za ugatuaji na sipendekezi uvunjwe. Shida inaanza wizara inapompigia simu moja kwa moja ikitaka takwimu za alizeti kufikia Alhamisi, TAMISEMI inapotaka zilezile kwa fomu nyingine, na ofisi ya RAS, katibu tawala wa mkoa, inapozitaka kwenye bango kitita (jedwali pana la taarifa). Anajaza zote tatu kwa siku tofauti, na namba zinatofautiana kwa sababu katikati zimeingia taarifa za kata mbili zaidi. Huko juu wanaanza kushutumiana kwa kupika takwimu.

Kipimo: mwombe afisa mmoja akuwekee maombi yote ya takwimu aliyopokea ndani ya mwezi, ya barua, ya simu na ya WhatsApp. Yapange mezani mbele ya ofisi zote zilizoyatuma. Nimeona wakurugenzi wakubwa wakinyamaza kabisa walipoona lundo hilo, kwa sababu kila mmoja alidhani ombi lake ni moja dogo. Baada ya hapo ni rahisi kukubaliana fomu moja, siku moja ya mwezi, na njia moja ya kupitia: wizara kwenda TAMISEMI, kisha RAS, kisha DED. Simu iwe ya kukumbushia tu.

Dalili: Mtumba hawajui mjini wanafanya nini

Mji wa Serikali Mtumba uko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kuna taasisi zenye idara huko na vitengo mjini, na nyingine zimebakiza ofisi Dar. Katika miaka ya 1970 Thomas Allen wa MIT alipima jinsi wahandisi wanavyowasiliana kazini na kukuta kwamba mawasiliano yanashuka kwa kasi umbali wa meza unapoongezeka. Ukivuka kama mita 50, yanakuwa machache sana. Basi kilomita 17 usitegemee zijizibe zenyewe.

Njia ninayoiamini ni kumpa afisa wa upande mmoja meza upande wa pili, siku moja ileile kila wiki. Afike na kazi zake za kawaida, akae nao, anywe nao chai. Mambo mengi ambayo yangeandikiwa barua yatamalizwa akiwa anasubiri chapati. Mikutano ya video itumike kwa mambo yasiyo na mabishano. Penye mvutano watu wakutane ana kwa ana, hata kama ni kwa nusu saa.

Halafu heshimu kalenda ya mji huu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti. Viongozi na wataalamu wao wako kwenye hotuba, majibu ya maswali na kamati, na uamuzi unaohitaji sahihi ya juu upelekwe kabla ya hapo au uwekewe mtu wa kukaimu. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, hivyo wahasibu usiwaitie warsha wiki ile. Ijumaa mchana, tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, wenye familia Dar wanaitazama saa, na wana haki. Kikao kigumu kiweke Jumanne au Jumatano.

Dalili: hakuna anayepinga kikaoni, matatizo yanasemwa koridoni

Mkurugenzi anaeleza kwamba takwimu za wilaya ya Chemba zimekamilika. Afisa aliyeziandaa yuko kiti cha nyuma, anajua kata mbili hazijaingia, na anainama kwenye daftari lake. Kikao kikiisha anamfuata mlangoni.

"Mzee, samahani. Zile za Chemba, kata mbili bado."

"Sasa mbona hukusema mle ndani?"

"Ulikuwa umeshasema, mzee."

Jibu hilo lina adabu yote, na limewapeleka watu ishirini kwenye uamuzi mbaya. Kwetu kumsahihisha mkubwa mbele za watu ni kumvunjia heshima, na sioni faida ya kuwahubiria vijana waache malezi yao. Mkubwa ndiye mwenye uwezo wa kufungua mlango, kwa utaratibu. Maafisa wa chini watangulie kusema, yeye aseme mwisho. Rasimu ipitiwe na walioiandaa siku moja kabla, na swali liwe moja: "Kipi humu hakijakaa sawa?" Swali la "Tuko pamoja?" lina jibu moja tu, na kila mtu analijua.

Miaka ya 1990 Amy Edmondson wa Harvard alichunguza timu za hospitali akitarajia kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Akakuta timu nzuri zinaripoti makosa mengi zaidi, kwa sababu watu wake walikuwa hawaogopi kusema. Kwa hiyo mkuu wa idara ambaye mwezi mzima hajaletewa habari mbaya achunguze aliyemletea ya mwisho alijibiwa vipi. Chanzo huwa hapo: mtu mmoja alifokewa mbele ya wenzake, na idara nzima ikajifunza.

Dalili: wanakuja pakiwa na posho

Kikao cha Morogoro au Singida kinajaa, kikao cha ukumbi wa jengo lenu hakifikishi nusu. Maisha yana gharama, posho ya kujikimu ni stahili ya anayesafiri kikazi na haina aibu. Chanzo cha kuangalia ni nani anapangwa. Kama wanaokwenda ni walewale na wanaobaki kufanya kazi ni walewale, umekwishapata sababu ya wanaobaki kugoma kimyakimya. Orodha ya wahudhuriaji ianze na walioandika rasimu. Na kama kazi inaweza kumalizwa kwa siku mbili za kufunga mlango ofisini, ifanyiwe ofisini, na wakuu wawaondolee watu hao kazi nyingine kwa siku hizo mbili. Sharti hili la mwisho likikosekana, watu watakuwa sahihi kudai kwamba lazima watoke nje ya kituo ndipo wapate utulivu.

Dalili: kila kitu kimerekebishwa, bado mtu mmoja anakwamisha

Wapo, ila ni wachache kuliko wanavyotajwa. Kabla hujalisema hili, jedwali lako lionyeshe usingizi kwenye meza ileile kwa kazi tofauti zilizoletwa na watu tofauti, huku utaratibu wa kupokea, majukumu na tarehe vikiwa wazi. Ikiwa ni kazi zako tu ndizo zinazolala pale, chunguza mlivyoishi nyinyi wawili.

Ushahidi ukisimama, mfuate faragha kwanza, bila nakala kwa yeyote, na umuulize kinachomzuia. Majibu mengine yatakushtua: hajui kutumia mfumo na anaona aibu kusema, au aliwahi kusaini jambo kama hilo akaja kuhojiwa na wakaguzi na hakuna aliyesimama naye. La kwanza linatibiwa kwa mtu wa TEHAMA kukaa naye pembeni, bila watazamaji. La pili linahitaji mkuu wake aandike wazi kwamba uamuzi ni wa ofisi na yeye mkuu ndiye atakayeujibia.

Asiposikia, mtumie mtu anayemheshimu. Ikishindikana, andika dokezo kwa mkuu mliye naye wa pamoja, hata kama ni afisa masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake) mwenyewe. Taja kazi, tarehe za jedwali, athari kwa wananchi au kwa taasisi, na njia mbili za kuendelea ambazo mkuu anaweza kuchagua kwa kuweka alama. Usiandike neno hata moja kuhusu tabia ya mtu. Nakala apewe yeye mwenyewe siku hiyohiyo, kwa mkono, ukimweleza umeandika nini na kwa nini.